Mbwa wa Handeni na foleni ya sindano

Sote tuliopita darasa la uandishi wa habari tulifundishwa kwamba mbwa akimng'ata mtu hiyo si habari. Habari ni mtu akimng'ata mbwa. Darasa zima lilicheka, tukaandika kwenye daftari, tukaendelea na mambo mengine. Siku hizi naona somo lile limetugharimu sana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha hesabu ya watu wanaokufa kwa kichaa cha mbwa Tanzania, waliyoipata kwa kufuatilia watu waliong'atwa. Walipata kama watu 1,500 kwa mwaka. Takwimu rasmi zilikuwa chini ya hapo karibu mara mia. Yaani katika kila watu mia waliokufa, aliyeandikwa kwenye daftari la serikali ni kama mmoja tu. Waliobaki walifia nyumbani, wengi wao watoto, na sisi wenye kalamu tulikuwa tunasubiri mtu amng'ate mbwa.

Basi leo naomba mnivumilie niandike habari ya mbwa. Tena si mbwa mkubwa, ni mtoto wa mbwa, na si kitu kingine ila sindano yake ya kwanza. Nimetoka Handeni na Korogwe kwa kazi nyingine kabisa (ya barabara na mahindi), lakini kilichobaki kichwani ni vijibwa. Kila boma nililoingia kulikuwa na kijibwa kimoja au vitatu, tumbo kubwa, mbavu nje, kimekumbatiwa na mtoto wa miaka mitano. Nikauliza kama wamechanjwa. Mama mmoja wa pembeni ya mji wa Korogwe, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinijibu kwa upole: "Huyo bado mdogo mwanangu, akikua tutampeleka."

Jibu hilo nimelisikia Korogwe, nimelisikia Chanika pale Handeni, na nina hakika hata wewe umelisikia kwenu. Nitalirudia baadaye, maana lina historia. Kwanza tuone hiyo chanjo yenyewe imetoka wapi.

Kijibwa wa mjini, yule mwenye bahati, huwa na kadi. Ndani yake kuna dawa ya minyoo, kuna distempa, kuna parvo, kuna kichaa cha mbwa. Ukiisoma kadi hiyo kama mtu wa historia unagundua jambo moja la ajabu: karibu kila mstari uliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, si kwa ajili ya mbwa wa kijijini.

Tuanze na kichaa cha mbwa. Watu wengi wanalijua jina la Louis Pasteur. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa, alianza kuchomwa sindano zilizotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa. Uti huo ulikuwa umekaushwa ili sumu yake ipungue. Kila siku alipewa dawa yenye nguvu kidogo kuliko ya jana. Mtoto akapona, na dunia ikapiga makofi. Wasichokikumbuka wengi ni kwamba kabla ya Meister walitangulia mbwa. Pasteur alijaribu chanjo yake kwa mbwa kama 50 hivi, wakakingwa. Maana yake njia ya kumchanja mbwa ilijulikana kabla ya njia ya kumtibu mtu. Lakini kwa miaka mingi dunia ilichagua kumsubiri mtu ang'atwe ndipo ikimbie na sindano.

Walioigeuza hesabu hiyo ni Wajapani. Mwaka 1921 wataalamu wawili, Umeno na Doi, walieleza chanjo ambayo mbwa angepewa mara moja tu, kwa hiyo ukaweza kuwachanja mbwa wengi kwa siku moja bila kuwarudia rudia. Japani iliumaliza ugonjwa huo mwaka 1957. Hawakuumaliza kwa kuwachoma sindano Wajapani wote. Waliumaliza kwa kumchanja na kumdhibiti mbwa.

Distempa nayo ina hadithi yake. Ugonjwa huu huanza kama mafua, macho yakitoa tongo, kisha mbwa anahara, na mwisho anatetemeka na kupata degedege. Wengi vijijini wakimwona mbwa wa hivyo husema amerogwa au ana kichaa. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba unaletwa na kirusi. Lakini fedha za kutafuta chanjo zilitoka kwa mabwana wa Kiingereza wenye mbwa wa kuwindia mbweha. Miaka ya 1920 gazeti lao la mambo ya uwindaji, The Field, lilianzisha mfuko wa michango, na watafiti Laidlaw na Dunkin wakafanya kazi hiyo Mill Hill, London, wakitumia mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Kabla muongo ule haujaisha chanjo ilipatikana. Na tazama maajabu: wanyama wale wale ndio waliowasaidia wenzao wa London kukitambua kirusi cha mafua ya binadamu mwaka 1933. Mchango wa kuokoa mbwa wa matajiri ukazaa elimu ya mafua ya dunia nzima.

Parvo ni mgeni. Mwaka 1978 ndipo ulipotambuliwa, na katika muda mfupi ulikuwa umezagaa mabara yote. Huu ndio unaomaliza vijibwa kwa kuhara damu na kutapika ndani ya siku chache. Kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo ukileta kijibwa kipya kwenye boma alikofia mwenzake, unamleta mautini.

Sasa turudi nyumbani. Je, huku kwetu daktari wa mifugo wa kwanza alikuja kwa ajili ya nani? Alikuja kwa ajili ya ng'ombe. Sotoka ilipita Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1890 na kufagia mifugo ya watu, Wamasai wakabaki maskini, njaa ikafuata. Wajerumani walipojipanga, walijenga taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Robert Koch mwenyewe, yule aliyegundua mdudu wa kifua kikuu, alifika Amani kati ya 1905 na 1906 akachunguza wadudu wa damu wanaoenezwa na kupe na ndorobo. Reli ya Tanga ilikuwa imeshafika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ukashamiri. Katika mahesabu yote hayo kulikuwa na ng'ombe, mkonge na wafanyakazi. Mbwa hayumo.

Lakini kwa mtu wa Handeni mbwa alikuwamo siku zote. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Uzigua, anaeleza jinsi wakubwa wa zamani walivyokuwa na uwezo wa kuwakusanya watu, kufyeka, kulima na kufuga, na hivyo kuwaweka mbali ndorobo na kupe. Ukoloni ulipowavunja nguvu, njaa zikaja, watu wakatawanyika, pori likarudi, na wanyama wa porini pamoja na wadudu wao wakarudi nalo. Mimi najiongezea yangu hapa: pori likirudi shambani, mwenye shamba anamhitaji mbwa zaidi. Nani mwingine atamfukuza nguruwe pori usiku? Nani atakesha na mahindi wakati ngedere wanapiga hesabu? Na pori lile lile linalomfanya mbwa ahitajike ndilo linalomuua. Ndorobo akimwambukiza mbwa nagana, macho huweza kugeuka meupe kama maziwa, anakonda, anakufa. Mwingereza David Bruce alipoichunguza nagana huko Zululand mwaka 1895, mbwa walikuwa miongoni mwa wanyama waliompa jibu. Aliwapeleka kwenye eneo la ndorobo wakaugua. Mbwa alitumika kujua kinachoua ng'ombe. Yeye mwenyewe hakutengewa dawa.

Kichaa cha mbwa hakikukawia kuandikwa. Kenya kilithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na kwetu Tanganyika kikaanza kuonekana kwenye kumbukumbu za mifugo miaka ya 1930, upande wa kusini. Tangu hapo dawa kubwa ya serikali nyingi za Afrika, za kikoloni na za uhuru, ilikuwa ni bunduki na sumu. Mbwa akizagaa, auawe. Tatizo ni kwamba mbwa aliyeuawa nafasi yake hujazwa na kijibwa kipya ndani ya miezi michache, na kijibwa kipya hana kinga yoyote. Unapunguza mbwa, hupunguzi ugonjwa.

Kilichoileta chanjo ya mbwa vijijini kwa kishindo, amini usiamini, ni simba. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba, yaani kama 1,000. Watalii waliona simba wakitetemeka na kuanguka. Miaka michache kabla, mwaka 1991, mbwa mwitu wa Serengeti walikuwa wametoweka, na kichaa cha mbwa kikatajwa kuwa kimechangia. Vidole vikaelekezwa kwa mbwa wa vijijini vinavyoizunguka hifadhi, na ndipo magari yakaanza kwenda vijijini humo na mabegi ya chanjo. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba distempa ya simba haikuwa ya mbwa peke yao, wanyama wa porini nao wanaweza kuizungusha wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo kwa kichaa cha mbwa hesabu ilikuwa safi: ukichanja mbwa wa kutosha, watu wanaong'atwa na mbwa wenye kichaa wanapungua. Watafiti walipima wakaona mbwa mmoja mgonjwa Serengeti huambukiza kwa wastani chini ya mbwa wawili. Ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuzimwa. Ndiyo maana tunaambiwa tuchanje mbwa 70 katika kila 100.

Jirani zetu wa Mkomazi nao wana yao. Hifadhi ile inagusa mkoa wa Tanga, na huko Tony Fitzjohn, aliyewahi kufanya kazi na George Adamson wa Kenya, alianzisha kituo cha kuzalisha mbwa mwitu. Watoto wa mwanzo walichukuliwa nyika ya Wamasai mwaka 1995, nyika ambayo Handeni iko pembeni yake. Desemba 2000 distempa iliingia kituoni. Katika miezi miwili ikaua mbwa mwitu 49 kati ya 52. Hao walikuwa wamechanjwa, kwa chanjo ya kirusi kilichouawa, na haikufua dafu. Mimi kisa hiki kinanifundisha kitu ambacho bwana mifugo yeyote atakwambia: chanjo si jina tu kwenye kadi. Kuna ipi, kuna lini, kuna imehifadhiwaje.

Sasa nakuja Korogwe, na hapa ndipo niliposhika kichwa. Wengi mnajua kwamba Korogwe ni moja ya sehemu ambako chanjo ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe. Kisha kati ya 2009 na 2014 ukafanyika utafiti mkubwa wa nchi saba, watoto zaidi ya 15,000, Korogwe ikiwamo tena. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo hiyo itumike. Ni sifa kwa mji wa Korogwe na sijui kwa nini hatujisifu.

Lakini katika utafiti wa namna hiyo lazima kuwe na kundi la pili la kulinganisha. Wanasayansi waliona si vizuri kuwachoma watoto maji matupu, bora nao wapate kitu chenye faida. Unajua watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi la pili walipewa nini? Chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nisome tena polepole. Kuna vijana Korogwe leo ambao walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa wakiwa wachanga, si kwa sababu kuna mtu alikuja kupambana na kichaa cha mbwa, bali kwa sababu walikuwa upande wa pili wa mizani ya malaria. Silaumu mtu, lilikuwa jambo jema. Nasema tu kwamba ukiitazama foleni ya sindano kuanzia 1885, utaona mtoto wa Paris, mbwa wa mabwana wa London, ng'ombe, simba wa watalii, mbwa mwitu, watoto wa utafiti. Mwisho kabisa, nyuma ya wote, amekaa kijibwa wa Handeni anajikuna viroboto. Na ndiye ambaye angechanjwa kwanza, wengi wa waliotangulia wasingehitaji kukimbizwa hospitali.

Hata mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ule uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates kuanzia 2010, ulichukua mikoa ya kusini mashariki: Mtwara, Lindi, Morogoro, Pwani, Dar es Salaam, pamoja na kisiwa cha Pemba. Tanga haikuwamo. Mradi uliishia kwenye mpaka wa Pwani, mlangoni kwa Handeni, na mbwa hawasomi ramani. Pemba matokeo yalikuwa mazuri mno. Ugonjwa uliisha, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya, na mwaka 2018 ukazimwa tena. Kwa hiyo asije mtu kutuambia haiwezekani kwa Waafrika. Wapemba wameweza mara mbili.

Sasa tulirudie lile jibu la mama wa Korogwe: "bado mdogo". Halikutoka hewani. Kijibwa akinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, anapokea kinga ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda wiki za mwanzo, lakini pia inaweza kuiua nguvu chanjo anayopewa mapema. Ndiyo maana distempa na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kama 16. Huwezi kujua kinga ya mama itaisha siku gani, kwa hiyo unarudia. Na kwa kichaa cha mbwa viwanda viliandika kwenye makaratasi: miezi mitatu. Bwana mifugo akalisoma, akalitangaza, na wananchi wakalishika kama amri.

Lakini mama wa kijibwa wa Handeni kwa kawaida hajachanjwa. Atampa mtoto kinga gani? Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Indonesia ulionyesha kwamba vijibwa wa chini ya miezi mitatu wakichanjwa dhidi ya kichaa wanapata kinga. Shirika la Afya Duniani nalo linasema siku ya kampeni mbwa wote wachanjwe, hata vijibwa. Fikirieni maana yake. Kampeni inakuja kijijini mara moja kwa mwaka, ikija. Kijibwa wa miezi miwili akiachwa nyumbani leo, kampeni ijayo atakuwa na mwaka na zaidi, ameshazunguka, ameshapigana, na kama ni jike ameshazaa. Na kumbuka nani anacheza na kijibwa kutwa nzima. Ni mtoto.

Kuna kisingizio kingine cha zamani, barafu. Tuliambiwa chanjo bila friji haifiki kijijini. Utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa hubaki na nguvu miezi sita kwenye nyuzi 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Watafiti wakaenda mbali zaidi, wakatengeneza chombo cha kuhifadhia kwa mtindo wa mtungi wa udongo unaopozwa na maji. Bibi zetu wa Kizigua na Kisambaa wangewafundisha hilo bila malipo.

Bwana mifugo niliyezungumza naye Chanika, mtu mwenye pikipiki moja na kata nyingi, alinipa orodha fupi. Nawapa kama alivyonipa. Ukileta kijibwa, mpe dawa ya minyoo tangu wiki ya pili na urudie kila wiki mbili hadi miezi mitatu, maana minyoo mingine anazaliwa nayo na inaweza kuingia mpaka kwenye jicho la mtoto wako. Mtoe kupe. Usimtembeze alikofia mbwa mwingine. Kampeni ikija mbebe, hata kama anatosha kwenye kapu. Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mganga na si kesho. Dalili zikishaanza, hakuna daktari wa kumwokoa.

Kampuni ya hesabu haihitajiki hapa. Mtu aliyeng'atwa anahitaji sindano kadhaa, nauli za kurudi rudi mjini, na siku za kazi zilizopotea, na familia nyingine huuza mbuzi au mahindi ya akiba. Mbwa anahitaji sindano moja kwa mwaka, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya hizo. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur, tunaadhimisha siku ya kichaa cha mbwa duniani, mabango yanapigwa picha, hotuba zinasomwa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mwaka huu, ukisikia spika ya gari la chanjo ikipita kwenu, iwe Manundu, Chanika au Kinondoni, toka na kijibwa chako mkononi. Akikwambia mtu bado mdogo, mwambie foleni hii ameshaisubiri tangu mwaka 1885.